Kisa cha Ozark Mountain Daredevils: kibao kilichoishinda bendi yake

Mei 1975, bendi ya watu sita kutoka Springfield, mji wa kusini-magharibi mwa jimbo la Missouri, Marekani, ilikuwa na wimbo namba 3 kwenye chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard. Wimbo huo ni "Jackie Blue". Mwaka huohuo ikatoka albamu yao ya tatu, ikakwama namba 57 kwenye chati ya albamu. Iliyofuata iliishia 74, kisha 132, kisha 176. Maelezo yanayorudiwa kila bendi hii inapotajwa ni kwamba kampuni yao ya santuri iliwataka wahamie California, wakagoma, mambo yakaharibika. Kugoma waligoma kweli. Lakini ukipanga tarehe, namba za chati na mgawanyo wa fedha wa enzi zile, unaona ufa ulianzia kwingine. Wimbo uliowatambulisha kwa taifa zima haukufanana na bendi iliyoupiga, na ndani ya bendi hapakuwa na utaratibu wa kuishi na jambo hilo.

Walikotoka

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekua akiwasikia Jim Reeves na Don Williams redioni anaijua kantri ya Nashville na Texas. Ozark ni kwingine. Ni nchi ya vilima vyenye misitu, mapango na mito, inayoshika kusini mwa Missouri, kaskazini mwa Arkansas na kipande cha Oklahoma. Watu wa miji mikubwa waliwafanyia mzaha wenyeji wake kuwa ni washamba, na Daredevils waliupokea mzaha huo wakaufanya mtaji. Jalada la albamu yao ya kwanza ni picha ya tandiko la viraka la kienyeji.

Springfield yenyewe, hata hivyo, haikuwa kijiji kisichojua kurekodi. Kuanzia Januari 1955 hadi Septemba 1960 kipindi cha televisheni cha Ozark Jubilee, kikiongozwa na mwimbaji wa kantri Red Foley, kilirushwa nchi nzima na mtandao wa ABC kutoka ukumbi wa Jewell mjini humo. Kipindi kilikoma, lakini mji ukabaki na watu wanaojua maana ya maikrofoni, kamera na saa ya kuingia hewani. Bendi ya mkoani haianzi na shamba tupu.

Waliokusanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni John Dillon (gitaa, fidla, mandolini), Steve Cash (kinanda cha mdomo), Randle Chowning (gitaa la solo), Larry Lee (dramu), Michael Granda aliyeitwa Supe (besi) na Buddy Brayfield (piano). Walianza kwa jina la Family Tree, wakaja na jina refu la kuchekesha, Cosmic Corn Cob and His Amazing Ozark Mountain Daredevils, kisha wakalikata mbele.

Jambo la kushika hapa ni kwamba karibu kila mmoja alitunga na kuimba. Hapakuwa na mwimbaji mkuu. Wimbo mmoja ulikuwa wa Dillon na fidla yake, unaofuata wa Chowning na gitaa lake la umeme, wa tatu Lee anaimba nyuma ya dramu. Kwenye "Chicken Train" mnasikia upinde wa kupigwa mdomoni na midomo inayoiga kuku. Nyumbani Springfield hiyo ndiyo iliyokuwa raha yenyewe, kwa sababu mtu alikuja kuona kundi zima. Kwa mtu anayesikia wimbo mmoja garini akiwa Boston, mpangilio huo haupo, anayo sauti moja tu.

Kushindwa ukumbini, kufaulu sebuleni

Kanda ya majaribio ilimvutia mtu wa kampuni ya Columbia, na kampuni ikagharamia majaribio zaidi Springfield, kisha ikawakataa. Rekodi hizo zilikuja kutolewa mwaka 1985 kwa jina la The Lost Cabin Sessions. Bendi ikaingia mikononi mwa Good Karma Productions ya Kansas City, kampuni ya Stan Plesser na Paul Peterson, iliyokuwa pia na ukumbi wake, Cowtown Ballroom, na ikisimamia wawili Brewer & Shipley. Hao wawili walishaihama Los Angeles na kuhamia Missouri, na bado mwaka 1971 wakaingiza wimbo kwenye kumi bora. Kwa hiyo wazo la kubaki Missouri na kufanikiwa halikuwa ndoto ya Daredevils peke yao. Mameneja wao walikuwa na mfano hai.

Machi 1973, David Anderle wa kampuni ya A&M na prodyuza Mwingereza Glyn Johns walikwenda Kansas City kuwasikiliza. Shoo ya Cowtown haikwenda vizuri. Peterson akawachukua wote nyumbani kwake, bendi ikapiga bila umeme kwa mwanga wa mishumaa, na hapo ndipo wageni walipokubali.

Watu husimulia tukio hilo kama bahati. Kiufundi lina sababu. Mandolini, fidla na gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, zina sauti ndogo. Mwaka 1973 vinasa sauti vya kubandika kwenye ala hizo vilikuwa duni, kwa hiyo fundi mitambo aliweka maikrofoni mbele ya ala na kuifungua sana. Maikrofoni iliyofunguliwa hivyo haichagui. Inachukua mandolini, inachukua dramu iliyo mita mbili nyuma, inachukua na spika ya jukwaani iliyoelekezwa kwa mpigaji. Sauti ya spika ikirudi kwenye maikrofoni, mzunguko unajilisha wenyewe na mluzi unaanza. Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi inapoongezeka maradufu, nafasi iliyobaki kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3. Bendi yenye waimbaji watano na ala tatu kavu huwa na maikrofoni nane zilizo wazi hata kabla ya kuhesabu dramu, yaani tayari imepoteza desibeli 9 ikilinganishwa na mwimbaji mmoja mwenye maikrofoni moja. Fundi atapunguza sauti, dramu zitameza mandolini, waimbaji hawatajisikia, wataanza kupaza sauti na kutoka nje ya ufunguo.

Ongeza na mabadiliko ya ala. Dillon anaweka gitaa chini na kushika fidla. Mpigaji wa kinanda cha mdomo kwa mtindo wa bluzi hana chombo kimoja bali sanduku zima, kwa kuwa wimbo wa ufunguo wa E hupigwa kwa kinanda cha A, wa G kwa kinanda cha C, ili nota za kupindisha zipatikane kwa kuvuta pumzi ndani. Kati ya wimbo na wimbo sekunde 40 zinapita huku hadhira ikitazama watu wakihangaika na nyaya. Dawa yake ni kupanga orodha ya nyimbo kwa makundi ya ala, maikrofoni iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ala, na fundi afunge kila maikrofoni isiyotumika kwa dakika ile. Sebuleni matatizo hayo yote hayapo, na kilichobaki kikasikika, yaani nyimbo na sauti zinazopatana.

London, na njia ya Johns

Albamu ya kwanza ilirekodiwa mwaka 1973 katika studio za Olympic, London, palepale Johns alipowarekodia Eagles albamu yao ya kwanza ya mwaka 1972. Johns anajulikana kwa namna yake ya kurekodi dramu kwa maikrofoni chache: moja juu ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, kama mita moja hivi, ya pili pembeni upande wa tom ya chini, dramu ya mlio mzito inayosimama sakafuni, ikielekezwa pia kwenye snea, na ya tatu mbele ya dramu kubwa. Siri iko kwenye kipimo. Umbali kutoka snea hadi maikrofoni ya juu na hadi ya pembeni lazima uwe sawa, na watu huupima kwa uzi. Ukitofautiana, sauti moja ya snea inafika mara mbili kwa nyakati mbili, na ukiziunganisha inatoka nyembamba, kama imepigwa ndani ya bomba.

Njia hiyo inaidai bendi ijipange yenyewe chumbani, kwa sababu ukishanasa hivyo huwezi kwenda baadaye kuinua tom moja peke yake. Inawafaa watu waliozoea kupiga pamoja na kusikilizana, na Daredevils walikuwa hao. Albamu ilifika namba 26, na mwaka 1974 wimbo wao "If You Wanna Get to Heaven", uliotungwa na Dillon na Cash, ukafika namba 25. Kinanda cha mdomo mbele, gitaa zito, kiitikio cha kuimba umati mzima. Huo ni wimbo unaofanana na bendi. Ukimpeleka aliyeununua kwenye shoo yao, atakuta alichokilipia.

Wimbo ulioleta mtihani

Kwa albamu ya pili, It'll Shine When It Shines, safari iligeuka: Johns na Anderle ndio waliokwenda Missouri, na sehemu kubwa ya kazi ikafanyika kwenye nyumba ya shamba alikokuwa akiishi Chowning, mitambo ikiwa ndani ya lori.

Kurekodi shambani kuna utamu na kuna adha zake. Hakuna dirisha la kioo kati ya fundi na wapigaji, kwa hiyo mawasiliano ni ya kipaza sauti na kamera, au mtu wa kutumwa. Adha kubwa ni umeme. Amplifaya za ndani ya nyumba zikipata waya wa ardhi wa nyumba, na lori likapata wake, mvumo wa Hz 60 unaingia kwenye kila kitu kilichounganishwa kwa waya kati ya pande hizo mbili. Huuondoi baadaye bila kula na sauti ya besi. Njia ni kuulisha umeme wote kutoka sehemu moja na kuwa na ardhi moja, kisha kusikiliza kimya cha chumba kabla ya kuanza. Faida ni kwamba hakuna saa ya studio inayohesabiwa, na mtu akicheza na kipande cha wimbo usiojaisha, prodyuza yupo karibu na anasikia.

Ndivyo "Jackie Blue" ilivyopatikana. Larry Lee alikuwa na melodi na maneno yaliyomhusu mwanamume. Johns alipoisikia akaona kibao, akashikilia kwamba Jackie lazima awe mwanamke. Lee na Cash wakaandika maneno upya kwa muda mfupi. Kilichotoka ni wimbo wa mwendo wa wastani, laini, gitaa la umeme linateleza chini yake, na sauti ya juu ya mpiga dramu. Wapo wasikilizaji waliodhani anayeimba ni mwanamke. Hakuna fidla, na mtu asiyeambiwa hawezi kukisia kuwa ni watu wa Ozark.

Kampuni haikuanza na wimbo huo. Santuri ndogo ya kwanza, ile yenye wimbo mmoja kila upande, kutoka albamu ile ilikuwa "Look Away", yenye harufu ya nyumbani kabisa, nayo haikuingia hata kwenye mia bora. Albamu ilitoka Oktoba 1974, "Jackie Blue" ikapanda kuelekea majira ya kuchipua ya 1975. Hiyo ndiyo taarifa ambayo wenye mali A&M waliisoma, na mtu yeyote angeisoma vivyo hivyo: wimbo wa kienyeji umeanguka, wimbo laini umefika namba 3, albamu nzima imefika 19. Leteni mwingine kama huo.

Chati za siku zile zilizidisha hali. Mauzo hayakuhesabiwa kwa mashine hadi mwaka 1991. Kabla ya hapo maduka ya santuri yalitoa taarifa ya kipi kinauzika zaidi, vituo vya redio vikatoa orodha zao, na jarida likapima yote kwa uzito wa ukubwa wa soko. Bendi inayouza sana Springfield, Tulsa na Kansas City ilihesabika kidogo kuliko inayouza wastani New York na Los Angeles. Kwa bendi ya mkoani njia pekee ya kuruka ukuta huo ilikuwa redio ya AM ya nyimbo arobaini bora, iliyotaka nyimbo za dakika tatu hivi zinazoshika sikio mara moja. Redio za FM zilicheza albamu na zilivumilia upinde wa mdomoni. "Heaven" iliweza kukaa pande zote mbili. "Jackie Blue" ilikuwa mali ya AM, na baadhi ya watu wa FM huanza kuitazama kwa jicho la pembeni bendi yenye wimbo wa namna hiyo.

California

Sasa tuje kwenye kugoma. A&M, kampuni ya Herb Alpert na Jerry Moss, ilikuwa Hollywood, kwenye iliyokuwa studio ya Charlie Chaplin. Ilitaka bendi ihamie kusini mwa California, na ilitaka nyimbo zaidi za aina ya "Jackie Blue". Bendi haikutaka la kwanza wala la pili.

Tupime la kwanza kwa kilomita. Kutoka Springfield, Tulsa ni karibu kilomita 290, Kansas City 270, St. Louis kama 350, Memphis 450, Dallas na Nashville chini ya 700, Chicago zaidi kidogo ya 800. Gari linaondoka baada ya shoo na asubuhi lipo mji mwingine mkubwa. Ukiwa Los Angeles, ukishamaliza San Diego na San Francisco unabaki na jangwa. Kwa bendi inayoishi kwa tiketi, Springfield ni kituo kizuri kuliko Hollywood, tena nyumba ni rahisi na shamba lina chakula.

Los Angeles ilitoa kitu kingine, ukaribu. Mtu wa redio akija mjini, anayepigiwa simu aje kula naye chakula ni msanii aliye dakika ishirini. Kipindi cha televisheni kikikosa mgeni saa nne asubuhi, jioni anaitwa aliye karibu. Mkubwa wa kampuni anapochagua kati ya santuri kumi ni ipi iongezewe fedha za kutangazwa, anamkumbuka mtu aliyekutana naye kwenye korido jana. Bendi iliyo zaidi ya kilomita 2,500 inafikishiwa habari hizo na meneja, na meneja naye yuko Kansas City. Mwaka 1976 Peter Frampton akatoa albamu yake ya jukwaani na A&M, nayo ikauza kupita matarajio yote. Kuanzia hapo ungekuwa nani ungepaswa kupanga foleni nyuma yake.

Hata hivyo, bendi iliyotimiza sharti la kuhama na bado ikaleta nyimbo za fidla isingepata mwisho tofauti. Na bendi iliyobaki Springfield ikaleta nyimbo tatu nyingine za Lee zenye nguvu ya "Jackie Blue" ingevumiliwa. Sharti lenye uzito lilikuwa la pili.

Albamu ya tatu, The Car Over the Lake Album, ilirekodiwa Nashville kwenye studio ya Quadrafonic na Anderle peke yake, bila Johns, ikatoka mwaka uleule wa 1975. Muda ulikuwa mbaya. Waliomjua Jackie mwezi Mei walikuta dukani bendi yenye sauti tano tofauti, na hawakuwa wamepewa nafasi ya kuizoea. Wimbo wa "If I Only Knew" uliishia 65. Eagles nao walikuwa na waimbaji zaidi ya mmoja, lakini sauti zao za kuitikia na utengenezaji wao zilifanya kila wimbo ujulikane ni wao hata anayeongoza akibadilika. Daredevils wanaoongozwa na Lee na Daredevils wanaoongozwa na Dillon ni kama bendi mbili zilizopanga nyumba moja.

Fedha zilikokwenda

Hapa ndipo wachambuzi wengi hupita haraka, na ndipo panapoumiza bendi. Mwaka 1975 sheria ya Marekani ilitoza senti 2 kwa kila wimbo kwa kila santuri iliyotengenezwa, kiwango kilichokaa hivyo tangu mwaka 1909 na kupanda kuwa senti 2.75 Januari 1978 tu. Fedha hiyo ni ya mtunzi na mchapishaji wa wimbo, kwa kawaida nusu kwa nusu. Santuri ndogo milioni moja huzaa dola 20,000 kwa wimbo wa upande wa kwanza: 10,000 kwa mchapishaji, 10,000 kwa watunzi, na wakiwa wawili kila mmoja 5,000. Wimbo wa upande wa pili, ambao huenda hakuna aliyeusikiliza, huzaa kiasi kilekile. Ndiyo maana kwenye bendi za watunzi wengi ugomvi wa nani awekwe upande wa pili ni ugomvi wa kweli.

Redio ni kali zaidi. Marekani, wimbo ukipigwa AM au FM, analipwa mtunzi na mchapishaji kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Mwimbaji na mpigaji hawapati kitu, hadi leo. Kenya sheria inawapa waimbaji na wapigaji haki hiyo. Marekani, kwa redio ya kawaida, haina mlango huo.

Mgao wa santuri ndefu, yaani albamu, ndio uliopaswa kuwasawazisha wote. Tuchukue mfano, ambao si mkataba wao bali hesabu ya kawaida ya zama zile. Bei ya dukani dola 6.98. Ondoa asilimia 10 ya jalada, inabaki 6.28. Mrabaha asilimia 8, lakini 3 kati yake ni za prodyuza, bendi inabaki na 5. Mrabaha unalipwa kwa asilimia 90 ya mauzo, kisingizio kikiwa santuri zinazovunjika, ingawa plastiki ya wakati huo haikuvunjika kirahisi. Jumla inakuja kama senti 28 kwa nakala. Gharama za studio na malipo ya awali zikiwa dola 100,000, lazima ziuzwe nakala zipatazo 354,000 kabla senti ya kwanza haijafika. Zikiuzwa 500,000, kinabaki kama dola 41,000. Meneja achukue asilimia 15, gawanya kwa sita, kila mtu anaondoka na chini kidogo ya dola 5,900. Mauzo yakiwa 300,000, anaondoka na deni linalosubiri albamu inayofuata.

Sasa tazama majina. "Heaven" ni ya Dillon na Cash. "Jackie Blue" ni ya Lee na Cash. Cash, mtu wa maneno na kinanda cha mdomo, yupo kwenye vyote viwili. Chowning, aliyelibeba gitaa la solo na ambaye shambani kwake lori liliegeshwa, hayupo kwenye chochote kati ya hivyo viwili, wala Granda, wala Brayfield. Wote sita walilala gari moja na kusafiri kilomita zilezile. Chowning aliondoka mwaka 1976 kuunda bendi yake, na mwaka huohuo Brayfield akaondoka kwenda kusomea udaktari. Hatusemi fedha ndiyo iliyowatoa. Tunasema mpangilio wa namna hii unamwambia kila mtunzi kwamba njia ya kuboresha maisha yake ni kupigania wimbo wake uingie kwenye albamu, wakati kampuni inaomba nyimbo za mwenzake mmoja.

Kinga ipo, na haigharimu zaidi ya karatasi moja iliyosainiwa kabla ya wimbo wa kwanza kuvuma. Watunzi wanakubali kwamba sehemu fulani ya mapato ya utunzi, tuseme asilimia 25, inaingia kwenye mfuko wa bendi na kugawanywa sawa, na kwamba anayeondoka anaendelea kupata kwa nyimbo alizopiga lakini si kwa zitakazofuata. Kwa santuri milioni moja tuliyoihesabu juu, ni dola 2,500 tu zinazohamia mfukoni. Uzito wake uko kwenye redio, ambako wimbo kama "Jackie Blue" unaendelea kupigwa miongo mitano baadaye. Ikishafika Mei na wimbo uko namba 3, hakuna anayesaini karatasi ya hivyo.

Kingine kilichowezekana, kwa maoni yetu, ni kuachilia albamu ya tatu ichelewe hadi 1976 na kuufanya mwaka mzima wa 1975 kuwa wa shoo, Lee akitolewa nyuma ya dramu kwa nyimbo tatu au nne kila usiku na mpiga dramu wa ziada akipanda. Hadhira ya Jackie ingejifunza kwamba huyu na wale ni kundi moja. Mpiga dramu anayeimba kibao akiwa amefichwa na matoazi ni hasara ya jukwaa ambayo hurekebishwa kwa mshahara wa mtu mmoja.

Baada ya hapo

Nafasi ya gitaa ilijazwa na Rune Walle, Mnorwei wa bendi ya The Flying Norwegians, kundi la kantri roki la Bergen. Piano akashika Ruell Chappell. Men from Earth ya 1976 ilishika 74, na wimbo wa "You Know Like I Know" pia ukaishia 74. Don't Look Down ya 1977 ilishika 132. Mwaka 1978 ikatoka It's Alive, santuri mbili za jukwaani, mtindo ambao kila kampuni iliutaka baada ya Frampton. Namba 176, na mkataba wa A&M ukaisha.

Mwaka 1980 walisaini na Columbia, kampuni ileile iliyowakataa miaka minane hivi kabla, wakatoa albamu moja chini ya prodyuza John Boylan. Wimbo wa "Take You Tonight" ulifika 67, albamu 170. Lee akaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenda Nashville. Dillon na Granda waliendelea kuishika bendi pamoja na Cash, wakirudi kwenye mzunguko ule wa kilomita 800 ambao haukuwahi kuwaangusha. Steve Canaday, aliyekuwa na ukumbi wa New Bijou ambako Springfield iliwajua kwanza na baadaye akapiga nao, alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 1999. Steve Cash alifariki Oktoba 2019.

Upande wa utunzi kuna tarehe moja inayokaribia. Kwa nyimbo zilizopata hakimiliki Marekani kabla ya 1978, sheria inampa mtunzi nafasi ya kuirudisha sehemu yake kutoka kwa mchapishaji baada ya miaka 56. Wimbo uliotoka kwenye albamu ya Oktoba 1974 unatimiza muda huo mwaka 2030, na dirisha linabaki wazi kwa miaka 5. Notisi ya maandishi inapaswa kumfikia mchapishaji si chini ya miaka 2 na si zaidi ya miaka 10 kabla ya siku iliyochaguliwa, na inasajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki kabla ya siku hiyo. Mtunzi akiwa amefariki, haki hiyo inakwenda kwa mjane au mgane na watoto wake, nao huamua kwa zaidi ya nusu ya hisa. Kwa tafsiri iliyozoeleka, ingawa imepingwa mahakamani, haki hii inahusu Marekani tu. Kwa tafsiri hiyo, mapato ya nchi nyingine hubaki chini ya mkataba wa awali.